Musawo alimaanisha nini? Maswali yenu na majibu

Mwezi huu wengi mmeuliza kuhusu yale ambayo musawo, yaani mhudumu wa afya, huandika au hutamka hospitalini, mgonjwa akatoka bila kuelewa. Tuanze na haya.

Kwenye bahasha ya dawa wameandika "1 BD 5/7". Nimejaribu kugawanya, nimeshindwa. Nimeze vipi? (Msomaji, Busia)

Usigawanye chochote, dada. 1 ni kidonge kimoja, BD ni mara mbili kwa siku, na 5/7 ni siku tano. Saba ya chini inaonyesha tu kwamba wanahesabu siku, kwa kuwa wiki ina siku 7. Ukiona 2/52, ni wiki mbili. 3/12 ni miezi mitatu. OD ni mara moja kwa siku, TDS mara tatu, na PRN ni pale unapohitaji tu, kama dawa ya maumivu. Tena mara mbili ni kila baada ya saa 12, si saa nne asubuhi na saa saba mchana eti ndipo ulipokumbuka.

Mimi bahasha za namna hii sizipendi kabisa. Herufi hizo zimetokana na Kilatini, ziliwekwa ili wataalamu waelewane wao kwa wao, na mgonjwa hakufikiriwa. Kabla hujaondoka dirishani, mwambie anayekupa dawa: "Kwa hiyo nameza kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku tano?" Kama kuna kosa, lake au lako, litajulikana papo hapo.

Mtoto wetu amepimwa selimundu, jibu ni AS. Baba yake anasema ni mgonjwa, na ugonjwa umetoka kwetu. (Mama Z., Bombo)

Mama, mtoto si mgonjwa. AS ni mtu aliyerithi jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa mzazi mmoja tu. Mwenye SS ameirithi kwa wote wawili, na huyo ndiye mgonjwa. AS haigeuki kuwa SS hata mtu azeeke. Wala mwanao si peke yake: utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta watoto wapatao 13 katika kila 100 waliopimwa Uganda wako hivyo.

Imetoka kwa nani? Huenda kwako, huenda kwa baba. Nendeni mkapime nyote kabla ya kurushiana maneno, kwa sababu mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa mara moja katika nne kuwa ya mtoto mwenye SS. Hilo ndilo la kujadili na musawo, si nani wa kulaumiwa.

Nimeambiwa virusi vyangu "havionekani". Nimepona? (Msomaji, Arua)

Hujapona, kaka, lakini ni habari njema sana. Virusi vya UKIMWI vimepungua hadi kipimo hakivioni. Vilivyobaki vimejificha mwilini, na ukiacha dawa vitaamka. Ukiendelea kumeza ARV kila siku na kipimo kikabaki hivyo, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana. Hili watu wengi hawaliamini, kwa hiyo nenda naye kliniki akaulize mwenyewe.

Daktari amesema presha yangu ni "kroniki". Ndiyo basi tena? (Mzee, Jinja)

La, mzee wangu. Kroniki ni ugonjwa wa kudumu. Neno hilo linataja muda, halitaji ukali. Akyuti ndio unaokuja ghafla, kama malaria, na huo unaweza kuua ndani ya siku chache. Presha watu huishi nayo miaka mingi, mradi wasiache vidonge siku wanapojisikia vizuri.

Mke wangu ni mjamzito, helthi senta III wamempa rufaa kwenda IV. Wamemkataa? (Msomaji, Kasese)

Hawajamkataa. Helthi senta III, yaani kituo cha afya cha ngazi ya tatu, huzalisha, ila akihitaji kupasuliwa, chumba cha upasuaji kiko IV. Nendeni leo leo, na ile karatasi ya rufaa msiisahau nyumbani.