Kumbeba mtoto baada ya kupunguza matiti
Dada pole na hongera, umeuliza utambeba lini mwanao baada ya opareshi, mimi daktari alinikataza vitu vizito wiki 6 na kweli siku za kwanza hata kufungua kabati la juu nilikuwa naomba msaada, mtoto nilikuwa nakaa chini anapanda mwenyewe mapajani. Kazi ya mezani nilirudi baada ya wiki 2. Sidiria ya opareshi mchana na usiku, kulala chali tu, weka mito pembeni usije ukageuka usingizini. Chuchu kufa ganzi hutokea, yangu moja ilichukua miezi. Ila titi likivimba ghafla upande mmoja, likawa jekundu au ukapata homa, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, nenda siku hiyohiyo.