Fundi anajibu: wiki ya kukabidhi kazi

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka vyuoni, na ukizisoma unaona kabisa ziliandikwa saa nane za usiku. Kazi ni ileile: shona vazi zima kutokana na nguo zilizokwisha kuvaliwa. Nimechagua tano.

Shikamoo fundi. Nimeunga sketi kwa vipande vya jinzi mbili za mtumba. Nje inapendeza, ndani nyuzi zinachomoka kama ndevu za beberu. Ovaloki ya chuo, ile mashine ya kufunga kingo, imekufa na nakabidhi Ijumaa. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Mwalimu anayeijua kazi akishika sketi yako ataigeuza kwanza, kwa hiyo huo uzuri wa nje usikulaze.

Kama umebakiza kipande cha makalio ya suruali, tazama ule mshono wa katikati. Hauna ovaloki hata kidogo. Kingo zimefichana na juu yake zimepita nyuzi mbili. Huo unaushona hata kwa cherehani ya miguu: shona kwa nafasi ya sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, kata ukingo mmoja ubaki nusu sentimita, ule mpana uukunje kuufunika mfupi, laza, piga pasi, pitisha uzi juu. Vipande vilivyobaki shona hivyo.

Ulivyokwisha kuunga usivifumue, utachakaza kitambaa. Kata vitepe vya khanga iliyozeeka, upana sentimita nne, kwa mshazari maana vikikatwa wima havipindi kwenye kona, kisha funga navyo kingo. Hiyo ndiyo bayasi. Khanga nyekundu ndani ya jinzi ya buluu, mwalimu akigeuza atatabasamu mwenyewe.

Sindano iwe namba 16. Mishono inapopishana, gongagonga kwa nyundo juu ya ubao mpaka ilainike, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Ukikanyaga pedali hapo, sindano itakatika.

Fundi, nimeshona gauni kwa khanga ya bibi yenye jina "Wema hauozi". Nilipomaliza nikaona "Wema" limeingia kwenye mshono, na "hauozi" limekaa makalioni. Nifanyeje? (Tanga)

Nimecheka peke yangu mpaka wateja wakaniuliza kuna nini. Pole.

Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na anayeikata kama kitenge hujuta. Jina hupangiwa mahali kabla mkasi haujashikwa: kifuani, mgongoni au kuzunguka upindo wa chini. Kama pande la pili lipo, kata jina zima, libandike kama mkanda kiunoni na hiyo "hauozi" uifunike kwa mfuko. Kama halipo, hamishia kipande hicho kwenye ukosi. Neno moja shingoni linasomeka kama ulikusudia.

Na kabla hujaiunganisha na kitu cheupe, lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu yake, bana kwa pasi ya moto. Kikipata rangi, ifue khanga tena na tena mpaka maji yatoke safi. Chumvi mnayoambiwa muweke, mimi siitegemei.

Zipu ya suruali ya zamani naweza kuitumia tena? (Mbagala)

Kama ni ya chuma na meno yote yapo, itumie. Ifumue kwa wembe taratibu, isugue kwa mshumaa. Ila kwa nini uifumue? Kata suruali ukibakiza zipu, mkanda na vitanzi vyake, ushonee sketi chini yake. Aliyeishona kiwandani amekwisha kukufanyia sehemu ngumu kuliko zote.

Tumeambiwa tuandike utangulizi kuhusu mitumba. Niseme inaua viwanda? (Arusha)

Ukitaka historia, anzia 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kugusa nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru kupitia AGOA, sheria yake ya biashara na nchi za Afrika. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ilishikilia ushuru wake juu ya mitumba, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafasi hiyo. Aya moja inatosha. Kurasa zilizobaki andikia vazi lako: ulilinunua mnada gani, kwa bei gani, doa lilikuwa wapi, kipande gani hukukitupa. Na piga picha ya nguo kabla ya kuikata! Kila mwaka kuna anayesahau, na hapo huna ushahidi kwamba ilikuwa shati la baba.

Sketi yangu ya mwavuli nimeipinda vizuri, asubuhi upande mmoja umeshuka. (Mombasa)

Uliipinda mapema. Mwavuli una sehemu zilizokaa mshazari, na hizo huvutika kwa uzito wake. Fumua upindo, itundike usiku kucha. Kesho ivae ukiwa na viatu vya siku ya maonyesho, usimame wima, mwenzio apige magoti na rula aweke chaki kwa kipimo kimoja kutoka sakafuni, kuzunguka kote. Wewe usiinamie kuchungulia, ukiinama tu alama zote zinahama.