Nalia bafuni, kisha natoka nikisema "salama"

"Shangazi, nina miaka 38, na huu ni mwaka wa pili wa baridi yabisi. Asubuhi vidole havikunji. Mwanangu wa miaka 6 ndiye anayenifunga vifungo vya blauzi. Mume wangu akiuliza 'leo vipi?' namjibu 'salama', halafu naingia bafuni kulia. Daktari anasema majibu ya damu ni mazuri. Mbona mimi si mzuri? Au najidekeza tu? – Mama Vifungo"

Mama Vifungo mwanangu, hujidekezi. Kinga ya mwili wako, iliyopaswa kupigana na vijidudu, imegeuka na kushambulia utando wa ndani ya maungio. Kemikali za uvimbe zinazotoka hapo haziishii vidoleni. Huzunguka na damu, na huchangia ule uchovu usioondoka hata ulale usiku kucha, na huzuni pia. Weka juu yake maumivu yanayokukatiza usingizi. Ndiyo maana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huwapata wenye maradhi haya kuliko watu wengine, na ikishakaa, maumivu nayo huzidi kuuma.

Majibu ya damu yanaonyesha uvimbe, kilio cha bafuni hayakioni. Nadhani daktari wako hajui kwa sababu naye unamwambia "salama". Safari hii, kabla hajakushika vifundo, mweleze umekuwa na huzuni kwa muda gani, na kama yale uliyokuwa ukiyapenda bado unayatamani. Hayo ndiyo mambo mawili ya kwanza wanayouliza wakitafuta sonona. Kama unameza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe ya jamii ya steroidi, iulizie pia, maana huweza kuvuruga usingizi na hisia. Ila usiiache ghafla kwa uamuzi wako, ni hatari. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mshauri nasaha, kwa dawa, au vyote viwili. Na likikujia wazo kwamba afadhali usiwepo, usingoje tarehe ya kliniki: mwambie mumeo saa hiyohiyo, mwende hospitali.

Huyo mume sasa. Maumivu yako hayana bandeji wala plasta, atayaonea wapi? Acheni "leo vipi", tumieni namba, 10 ikiwa ndiyo hali mbaya kabisa. "Mikono leo 4 kwa 10, moyo 8." Siku nyingine itakuwa kinyume, naye atajua akufungulie chupa au akae tu karibu nawe.

Kuna neno "jikaze", nalichukia. Linawafanya watu wafue, wapige pasi na kudeki nyumba nzima siku waliyoamka na nafuu, kama wanaolipa deni, kisha siku mbili zinazofuata hawainuki. Gawa kazi, pumzika kabla hujachoka. Kutembea kidogo kila siku kunasaidia uchovu na moyo pia (najua inavyoudhi kuambiwa hivyo na asiyeumwa).

Nimeacha vifungo mwisho makusudi. Wewe umeona aibu. Mtoto wa miaka 6 pengine anajiona bingwa. Ila watoto wadogo hudhani wao ndio wamemuumiza mama. Mkalishe, mwambie ugonjwa huu hauambukizi, na hakuna alichofanya kuuleta. Na asubuhi ambayo vidole vitaamka vyepesi, mwite umfunge vyake.

Shangazi