Wasomaji wanauliza: singeli inayokwaruza, besi inayofunika na albamu "isiyoanza"

Nilishusha Mr Mixondo, albamu ya singeli (muziki wa kasi wa Dar es Salaam) ya DJ Travella, baada ya kusikia inasifiwa. Kwenye simu yangu ni kama mabati yanakokotwa. Albamu mbovu, au nimezeeka? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Hujazeeka. Angalia kwanza uzito wa faili zako. Gawanya MB za albamu nzima kwa idadi ya dakika zake. Ukipata karibu MB 1 kwa dakika, una MP3 (faili la sauti iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde. Ukipata MB 2.4, ni 320, na hiyo ndiyo ya kutafuta kwa singeli. Muziki wa dakika 40 utakula takriban MB 96 za bando badala ya 38, na hapa hakuna njia ya mkato.

Kwa nini singeli hasa? MP3 huikata sauti vipande vya sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 1,152, yaani kama milisekunde 26 kila kimoja. Biti zikiwa chache, uchafu wa kubana sauti husambaa ndani ya kipande, hadi kabla ya ngoma yenyewe kulia. Kwenye wimbo wa mapigo 95 kwa dakika hutaugundua, maana kutoka pigo hadi pigo kuna zaidi ya nusu sekunde. Singeli ikifika mapigo 300, pigo zima ni milisekunde 200 na robo yake ni 50. Ule uchafu unaziba nusu ya nafasi hiyo, ngoma zinashikana, ndipo unasikia bati. (Ukitaka kuhesabu kasi mwenyewe, usihangaike na kila pigo: hesabu moja, ruka moja, kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 8. Programu za simu za kupima kasi hujichanganya hapa na kukupa nusu ya kasi halisi.)

Sasa albamu yenyewe. Ilitoka 2022 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na kwetu ni kazi nzuri, ila si mlango wa kuingilia. Haimtegemei mchanaji (rapa), kwa hiyo sikio lililozoea kufuata maneno linakosa pa kushika. Anza na mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa 2017, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam. Humo wachanaji wanakuongoza ndani ya kasi ileile. Kisha rudi kwa Travella, nyimbo tatu tatu. Kuimeza yote kwa mkupuo kunachosha hata walioizoea, na hatuoni aibu kusema hivyo.

Spika yangu ya blutuuthi inameza baadhi ya sauti ambazo hedifoni inazitoa vizuri. Nikihamia kwenye sabufa, besi inafunika kila kitu. Nifanyeje? (Msomaji, Isevya, Tabora)

Hayo ni matatizo mawili. Spika moja mara nyingi huchanganya upande wa kulia na wa kushoto kuwa kitu kimoja. Watengenezaji wa muziki wa kielektroniki hupenda kutanua sauti kwa kugeuza wimbi la upande mmoja; pande hizo zikikutana kwenye spika moja, zinafutana. Ikwalaiza (vidhibiti vya besi na sauti nyembamba) haiwezi kurudisha kilichofutika. Tumia hedifoni, au spika mbili zilizounganishwa kama stirio.

Sabufa iondoe kwenye kona. Kuta mbili na sakafu huongeza besi bila wewe kugusa kitu, kwa hiyo ivute kama mita moja kutoka kila ukuta. Rudisha ikwalaiza yote kwenye sifuri, kwenye simu na kwenye redio, kwa sababu wengi huongeza besi sehemu zote mbili bila kujua. Kisha shusha kitufe cha besi cha sabufa hadi chini, cheza wimbo unaoujua vizuri, na upandishe taratibu mpaka uisikie besi bila kuiona kwenye vioo vya dirisha. Kumbuka pia kwamba desibeli 6 za ziada zinadai nguvu ya umeme mara nne. Amplifaya ndogo haina nguvu hiyo, inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na mara nyingi inayoungua ni ile spika ndogo ya sauti nyembamba wakati wewe unailaumu sabufa.

Nimesikiliza Peel, albamu ya KMRU. Nilisubiri wimbo uanze mpaka ukaisha. Watu wanasifia nini? (Msomaji, Ujiji)

Ulishaanza, ndugu. KMRU ni msanii mzaliwa wa Nairobi, na albamu hii ilitolewa na lebo ya Editions Mego ya Vienna mwaka 2020. Haina ngoma. Kinachobadilika ni rangi ya sauti: mivumo mirefu inapandana na sauti zilizorekodiwa mitaani, moja inaingia wakati nyingine inayeyuka. Wimbo wa mwisho unazidi dakika 20, kwa hiyo usikilize mwanzo wake, ruka hadi dakika ya 15, na utasikia umeshahama mahali pasipo kuona njia.

Kwenye programu ya kuchezea, zima kuchanganya nyimbo kwa bahati nasibu na weka muda wa kupishanisha nyimbo kuwa sifuri, la sivyo mwisho wa wimbo mmoja utazamishwa na mwanzo wa mwingine. Sauti iwe ya wastani, kwa hedifoni, usiku. Na kama mvua inapiga bati, ahirisha: matone yatashinda.

Duma ni muziki wa metali (roki nzito) au kelele? (Msomaji, Kasulu)

Vyote viwili, kwa makusudi. Ni kundi la watu wawili lililoanzia Nairobi. Albamu yao yenye jina lao ilitoka 2020, pia kwa Nyege Nyege Tapes, na inagonganisha ukali wa metali na kelele za mashine. Tunaipenda kuliko Mr Mixondo, ingawa mmoja wetu hapa mezani anapinga. Anza na sauti ndogo.