Kukomesha, kuzuia, au kuhofisha?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Malindi. Tunaandika tangazo la kubandikwa dikoni kuhusu juya, ule wavu wa kukokota: "Ada ya shilingi 10,000 itatolewa ili kukomesha wavuvi wa juya." Mwenzangu asema ni "kuzuia", si "kukomesha". Nani yuko sawa?

JIBU: Nyote mna kasoro, ila kubwa zaidi iko kwenye "ada".

Tuanze na kitenzi. Kukomesha ni kufanya jambo linaloendelea likome. Ukikomesha uvuvi wa juya, sawa. Ukimkomesha mvuvi, umemtia adabu mpaka ajute, na ndivyo tangazo lenu litakavyosomeka. Kuzuia ni kuweka kizingiti, kama askari wa doria anayesimama mbele ya mashua. Mnachokitaka nyinyi ni mtu apige hesabu yake nyumbani, kisha aliache juya lake huko huko. Huko ni kuhofisha.

Na hesabu huipiga kweli. Mwaka 1968 mwanauchumi Gary Becker aliieleza hivi: mkosaji hupima faida dhidi ya adhabu ikizidishwa kwa uwezekano wa kukamatwa. Tuseme juya linamwongezea nahodha shilingi 3,000 kwa safari, na hukamatwa mara moja katika safari kumi. Faini ya 10,000 inamgharimu 1,000 tu kwa safari. Ipandisheni iwe 20,000, ni 2,000, bado anafaidi. Lakini akikamatwa mara moja katika kila tatu, hata ile 10,000 inafika kama 3,300, na juya halimlipi tena. Faini ikizidi kiasi, jirani huona haya kumtaja mwenzake na mkusanyaji wa faini hushawishika kupokea kitu kidogo, basi uwezekano wenyewe hushuka.

Sasa "ada". Mtu hulipa ada, lakini hupigwa faini. Hakuna apigwaye ada. Ada ni bei ya huduma au ruhusa, faini ni adhabu, na fidia humwendea aliyepata hasara. Kuzichanganya kuna madhara. Huko Haifa, Israeli, vituo vya kulelea watoto viliwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao, shekeli 10 kwa aliyepitisha dakika kumi. Wachelewaji wakaongezeka: aibu iligeuka bei. Faini ilipoondolewa, hawakurudi kuwahi. Watafiti Gneezy na Rustichini waliyachapisha hayo mwaka 2000. Mkiandika "ada", mwenye juya atasoma kwamba kwa shilingi 10,000 ameruhusiwa.

"Itatolewa" nayo iondoeni, haisemi nani atoe. Wala msiandike "anaweza kutozwa". Hilo "anaweza" ndilo mlango wa kujadiliana. Andikeni: "Atakayekutwa na juya atatozwa faini ya shilingi 10,000, na juya litachukuliwa." Neno "kuhofisha" halina haja ya kutajwa humo kabisa.