Meijin ni dani au ni taji?

Swali: Mwalimu, mimi hufuatilia shogi (sataranji ya Kijapani). Watanabe Akira alikuwa akiandikwa "Meijin", lakini tangu Juni 2023 anaandikwa "dani ya 9" (dani ni ngazi ya ustadi). Je, alishushwa cheo? Na mbona wachezaji wa igo (mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe) nao wana Meijin wao?

Jibu: Hakushushwa. Dani aliyoipata mchezaji wa kulipwa hainyang'anywi hata akishindwa mfululizo. Alichopoteza ni taji, yaani ubingwa wa Meijin: Juni 1, 2023 alifungwa na Fujii Sota, mechi 4 kwa 1. Kwa desturi, mwenye taji huitwa kwa jina la taji lake, na asiye nalo huitwa kwa dani yake. Tangu Desemba 2004 hadi siku hiyo Watanabe hakuwahi kukosa taji, ndiyo maana badiliko hilo likakushtua.

Utata wenyewe una asili yake. Enzi za Tokugawa, ukoo wa mashogun (watawala wa kijeshi) wa Japani, Meijin na dani ya 9 vilikuwa kitu kimoja, na mwenye nacho alikuwa mmoja tu kwa wakati mmoja, hadi afe au ajiuzulu. Igo na shogi zote zililelewa na serikali ya shogun. Honinbo Sansa wa igo na Ohashi Sokei wa shogi walianza kulipwa posho mwaka 1612, na kila mchezo ukawa na koo zake za mabingwa. Kwa hiyo neno ni moja, lakini viti ni viwili. Ukiandika matokeo, taja mchezo kwanza.

Aliyeukata mzizi wa urithi katika shogi ni Sekine Kinjiro, Meijin wa 13. Angeweza kukikalia kiti hadi kufa, lakini alikubali kukiachia ili kishindaniwe, na mwaka 1937 Kimura Yoshio akakitwaa kwa ushindi. Mimi namheshimu Sekine kwa hilo kuliko kwa mchezo wowote aliocheza. Siku hizi taji hutetewa kila mwaka kwa mechi 7, anayetangulia kushinda 4 ndiye bingwa, na kila mechi huchukua siku mbili.

Hata hivyo hesabu ya zamani haikukatwa. Anayelitwaa taji mara 5 hupata haki ya kuwa Meijin wa kudumu na kupewa namba inayofuata: Kimura ni wa 14, Oyama Yasuharu wa 15. Moriuchi Toshiyuki alipata haki ya kuwa wa 18 na Habu Yoshiharu wa 19, kwa sababu Moriuchi alitimiza mara 5 mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya Habu.