Mimi nacheza rede

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Kama jimu huipendi, unafanya mazoezi gani ambayo unayafurahia?" Jibu langu ni hilo hapo juu: rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nina miaka 46, ni fundi cherehani, naishi Mabatini hapa Mwanza, na Alhamisi iliyopita nilitolewa mara mbili na bibi muuza mkaa ambaye ana wajukuu watano. Kwa kuwa mmetaka maelezo marefu, nakaa kitako nieleze.

Nianze na jimu, nisije nikaambiwa naisema bila kuijua. Mwaka juzi presha ilinipanda. Daktari akanipa dawa, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia fundi, tena nikajitetea kabla hajanilaumu: siku nzima nakanyaga cherehani, miguu haina raha. Akaniuliza kwa upole, "Mama, cherehani chako kina mota?" Nikanyamaza. Kina mota miaka mingi sasa. Ninachokanyaga ni pedali ndogo, kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayeua sisimizi.

Mwanangu wa kwanza akanilipia jimu mwezi mzima, shilingi 50,000. Nilikwenda mara nne. Kwanza vile vioo. Kazi yangu ni kumsimamisha mtu mbele ya kioo nimwambie amependeza. Kule kioo kilikuwa kinanitazama mimi, na hakuna aliyeniambia neno. Halafu ile mashine ya kukimbilia. Nakimbia dakika kumi, nainua macho, niko mbele ya ukuta ule ule na feni ile ile. Sisi watu wa Mabatini hatujazoea hivyo. Ukipanda mlima wetu dakika kumi umefika mahali: umepita nyumba za watu, umesalimia, ukigeuka unaliona ziwa. Na yule kijana mwalimu, mwenye adabu zake zote, alikuwa na tabia ya kusema "Mama, bado kumi tu," zikitimia kumi anasema "tano za mwisho". Mteja akiniagiza gauni la mikono mifupi kisha siku ya kuchukua akadai mirefu, hatuelewani.

Rede ilinijia yenyewe. Jioni moja natoka kazini, wasichana wa mtaani wamepungukiwa mrushaji, mmoja akaniita, "Mama fundi, njoo uturushie kidogo." Nikaweka mkoba juu ya jiwe. Nilipoondoka pale adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita. Kesho yake nyama za nyuma ya miguu zilikaza kiasi kwamba zile ngazi zetu za mawe nilizishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta, watoto wa shule wananipa pole. Ila Jumanne nilirudi, na nilikuja na jirani.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye magorofa: warushaji ni wawili, wanasimama mbalimbali wakitazamana, kama hatua kumi na tano hivi. Katikati mnakaa nyinyi. Mpira unarushwa kuwalenga, mnaukwepa, ukikugusa umetoka. Na katikati pale kuna chupa ya soda na rundo la mchanga. Mpira ukiwa mbali unachuchumaa, unajaza chupa kwa viganja. Ukirudi unanyanyuka, unakwepa, unachuchumaa tena. Chupa ikijaa hadi mdomoni umewakomboa wenzako wote waliotoka. Sasa hesabu mwenyewe ni mara ngapi unachuchumaa na kusimama mpaka chupa ya soda ijae mchanga kwa kiganja, huku mtu anakulenga mgongoni. Kule jimu niliambiwa nichuchumae mara kumi na tano, nikaona naonewa.

Mpira tunaushona wenyewe, na hapo naomba mniruhusu nijisifu. Soksi tunazipata Mlango Mmoja kwenye mitumba, zile zilizobaki mojamoja ambazo muuzaji anakuachia kwa bei ya kukufukuza. Ndani naweka vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya meza yangu. Vitenge na pamba ni vizuri; ukishindilia sana unakuwa jiwe, ukilegeza unafika umechoka. Nafunga mdomo kwa uzi wa nailoni, napitisha mishono msalaba mara mbili, halafu navisha soksi ya pili juu yake. Wa kwanza niliujaza vipande vya jinsi. Ulimpiga mke wa seremala kwenye paja, akakaa chini, na mpira ule ulipigwa marufuku kwa kura.

Tunacheza Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, jioni hadi giza likitukatalia, kwenye kiwanja cha wazi tunachogombania na vijana wa chandimu. Ardhi tambarare Mabatini ni mali; kwingine kote ni miamba, na jioni ile miamba inatema joto la mchana kama jiko lililosahaulika. Tuna mkataba na hao vijana: sisi upande wa mwembe, wao upande wa mtaro. Mpira wao ukiingia kwetu tunaurudisha kwa mkono, maana wakiona mama anapiga teke wanacheka hadi mchezo unasimama.

Najua kuna atakayeuliza kama huu mchezo wa watoto unatosha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kufanyisha kazi misuli. Mimi hesabu sizifichi. Siku tatu za rede ni kama saa tatu, lakini ukishatolewa unakaa kwenye jiwe, na kwenye jiwe kuna maneno mengi. Nikatoe nusu. Zinabaki dakika tisini. Zinazobaki nazipata kwa kuacha bodaboda: duka langu liko Makoroboi, na jioni narudi kwa miguu, mlima wote. Kipimo cha wastani ni kwamba uweze kuongea ila usiweze kuimba. Nikifika nusu ya zile ngazi hata "shikamoo" naiitikia kwa mkono, kwa hiyo pale nadhani nimepita wastani.

Hicho kipimo cha kuimba huwa kinanichekesha, maana sisi tuliosoma shule za msingi za zamani tulikimbia mchakamchaka alfajiri huku tunaimba. Nimeufikiria nikiwa napiga pasi. Kumbe yule kiongozi alikuwa anatoa mstari mfupi, sisi tunaitikia, anavuta pumzi tukiitikia na sisi tunavuta akiimba yeye. Pumzi ilikuwa ya zamu. Peke yako kwenye mashine utaimba na nani?

Mwishoni mwa 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, ilitangazwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi ni ya mazoezi nchi nzima. Nilijitokeza mara mbili, nikaacha. Kosa halikuwa la tangazo. Mwezi ni mrefu, na pale hakuna aliyenijua wala ambaye angeniuliza mbona sikuja. Nikikosa rede siku moja, bibi muuza mkaa anapita dukani kwangu kuuliza kama nimefiwa.

Mwingine atasema: unakaa Mwanza, ogelea. Ziwa tunalipenda kwa macho, ila maji ya kina kifupi yenye majani na konokono ndiyo makao ya kichocho. Vijidudu vyake vinapenya ngozi ukiwa umesimama tu unafurahia. Sitaki kutibu presha kwa kichocho.

Wanaume wanaolalamika kwamba rede ni ya wanawake wamwangalie kaka yangu wa Kisesa. Jimu hajawahi kuikanyaga, na ana mapaja kama nguzo. Yeye ni wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma. Wanalichezesha jembe la mkono, wanalirusha juu, wanalidaka kwa mpini, huku miguu inapiga chini kana kwamba kweli wanalima. Bulabo ya Bujora, lile tamasha la ngoma, ikikaribia, mwezi wa sita, anafanya mazoezi kwa wiki nzima nzima. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanashindania watazamaji, kundi linaloacha watu wakahamia kwa wenzao ndilo limeshindwa, na kaka yangu yuko radhi avunjike kiuno kuliko aone migongo ya watu. Ukimwambia hayo ni mazoezi anakushangaa.

Sitaki mtu aumie kwa kunisikiliza mimi. Mwenye presha amwone daktari kwanza. Dawa zangu naendelea kuzimeza. Kandambili ziacheni barabarani, kwenye rede vaa raba. Mwenzetu mmoja ana magoti mabovu, yeye ni mrushaji wa kudumu, na mkono wake tunauogopa. Pia tembeeni kidogo kabla ya kuanza, mimi nimeshawaeleza habari ya zile ngazi.

Matokeo? Kipimo changu ni futi kamba, na futi kamba haina huruma: kiuno kimepungua inchi moja na nusu kwa mwaka, basi. Presha imeteremka vizuri, daktari ameridhika. Lakini kubwa ni kwamba nimeinama kuokota pini sakafuni nikasimama bila kushika meza, na mwanafunzi wangu wa ufundi akaniuliza, "Mama, umesimamaje hivyo?"

Kuna jambo moja halijaisha, na labda wasomaji wa mikoa mingine watatusaidia. Wengi wetu tunajifunga kanga kiunoni juu ya suruali. Alhamisi ile mpira uligusa pindo la kanga yangu ikiwa inapepea, mwili haukuguswa kabisa, chupa imebaki vidole viwili ijae. Nikasema kanga si mwili. Bibi muuza mkaa akasema aliyevaa kanga na kanga ni mtu mmoja. Tulibishana hadi vijana wa chandimu wakaacha mpira wao kuja kusikiliza, giza likaingia, na chupa ikamwagwa bila hukumu. Kwenu mnahesabuje?